Medali za Afrika na Watoto wa Rwenzori

Michezo ya Afrika ilianza Brazzaville mwaka 1965. Ya pili ilifanyika Lagos mwezi Januari, 1973, na huko askari polisi wa Uganda, John Akii-Bua, alitwaa medali ya dhahabu katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Miezi minne kabla, mjini Munich, alikuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mwaka 2007, mjini Algiers, Moses Kipsiro aliipatia Uganda dhahabu ya mita 5,000.

Kipsiro, kama Joshua Cheptegei aliyemfuata, ni mwana wa Sebei, penye Mlima Elgon. Kwa hiyo huenda mzazi wa Kasese au Bwera akasema: "Mbio ni urithi wa watu wa huko, mwanangu na ashike jembe." Ndugu mzazi, usiseme hivyo. Akii-Bua alizaliwa Lango, nchi tambarare. Dorcus Inzikuru, bingwa wa dunia wa mwaka 2005 katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ni binti wa Arua. Kilichomwinua Akii-Bua ni nidhamu ya kazi yake, mafunzo ya mwalimu Malcolm Arnold, na mazoezi magumu akiwa amevaa fulana yenye uzito.

Kasese na Bwera zina vilima vya kutosha chini ya Rwenzori. Kinachotakiwa ni uwanja na mtu wa kusimamia. Viunzi aweza kuvitengeneza seremala yeyote. Katika mbio za wanaume huwa 10, vyenye kimo cha sentimeta 91.4. Cha kwanza huwekwa mita 45 kutoka mwanzo, vinavyofuata hupishana mita 35, na mita 40 za mwisho huachwa wazi. Watoto waanze na vifupi. Miguu ya kiunzi ielekee upande atokako mkimbiaji, ili akikigusa kianguke mbele, kisimwangushe.

Nyumbani, mama na baba wampe mkimbiaji ugali wa muhogo, maharagwe na samaki, kisha wamwache alale mapema. Na binti asinyimwe saa ya mazoezi kwa sababu ya kuteka maji: kaka yake naye ana mikono.