Nguo za nembo kubwa kwa bei chee: ulizia kwanza mzigo ulikotoka

Kampuni za mitindo ya anasa huchukia kuona mali zao zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Hesabu za Burberry ya Uingereza zilizotolewa mwaka 2018 zilionyesha kuwa, ndani ya mwaka mmoja, iliteketeza bidhaa ambazo hazikuuzwa zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Baada ya kulaumiwa vikali, Septemba mwaka huohuo ilitangaza kuacha. Ufaransa iliharamisha uteketezaji wa aina hiyo kuanzia Januari 2022, na Umoja wa Ulaya umeweka 19 Julai 2026 kuwa siku ambayo marufuku yake ya kuharibu nguo na viatu visivyouzwa inaanza kuzibana kampuni kubwa.

Mzigo usioteketezwa lazima utafute mnunuzi. Sehemu yake huishia katika maduka ya punguzo ya kampuni zenyewe, nyingine kwa wafanyabiashara wakubwa wa masalia kama TK Maxx, na iliyobaki hupita kwa madalali wanaonunua kwa jumla na kuuziana nchi hadi nchi. Kadiri mzigo unavyobadilisha mikono, ndivyo hatari ya mnunuzi inavyoongezeka.

Hatari ya kwanza ni ubora. Si kila nguo iliyo katika duka la punguzo iliwahi kutundikwa katika duka kuu. Nyingine hushonwa mahsusi kwa soko hilo, kwa kitambaa hafifu zaidi. Mwaka 2014 maseneta watatu wa Marekani na mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi waliiandikia Tume ya Biashara ya Shirikisho wakitaka suala hilo lichunguzwe. Hoja yao ilikuwa nzito: “bei ya zamani” iliyokatwa kwa mstari mwekundu haina maana ikiwa nguo hiyo haikuwahi kuuzwa kwa bei hiyo.

Hatari ya pili ni asili ya mzigo, hata kama bidhaa ni halisi. Mwaka 1995 Silhouette, watengenezaji wa miwani wa Austria, waliuza fremu 21,000 zilizopitwa na mtindo kwa kampuni ya Bulgaria, kwa maagizo kwamba ziuzwe Bulgaria au katika nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovieti pekee. Zikarudi, zikauzwa na duka la punguzo la Austria kwenyewe. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 1998 kwamba mwenye nembo anaweza kuzuia bidhaa zake zilizouzwa kwanza nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya zisiuzwe ndani yake bila idhini yake. Mzigo wa namna hii mara nyingi hauna dhamana ya kiwandani, na ni rahisi kwa dalali kuchanganya bidhaa feki humo.

Hatari ya tatu ni muuzaji mwenyewe. Machi 2024 Matchesfashion, duka la mtandaoni la London lililojulikana kwa nembo za anasa, liliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Wateja waliokuwa wakisubiri kurudishiwa fedha zao wakajikuta kwenye foleni ya wadai. Uingereza, aliyelipa kwa kadi ya mkopo kwa bidhaa ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 anaweza kuidai benki yake. Anayetuma fedha kwa simu kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda kwa muuzaji asiyemfahamu hana kinga kama hiyo.

Kwa wafanyabiashara wetu wanaofuata mizigo Dubai, Istanbul na Guangzhou, hesabu ni kali zaidi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka bidhaa bandia katika orodha ya zilizopigwa marufuku kuingizwa. Kontena likikamatwa bandarini, mtaji umepotea, hata kama mwenye mzigo aliamini kila alichoambiwa na dalali.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili bei, dai ankara inayoonyesha nani alimuuzia muuzaji wako. Pata anwani yake halisi na masharti ya kurudisha bidhaa kwa maandishi, kisha lipa kwa njia inayoruhusu kudai fedha zako. Muuzaji halali wa masalia anaweza kueleza mzigo wake umetoka wapi. Akishindwa, usinunue, hata punguzo liwe la asilimia tisini.