Kipande cha kanga ya mama: Kimtulize mtoto akiwa macho, asilale nacho

“Shikamoo dokta. Huyu mtoto haumwi, ila kilio chake kimenishinda.”

Ndivyo alivyoanza mama mmoja aliyekuja kliniki na mwanawe wa miezi minane. Mtoto alikuwa analia kila anapomwona mama yake anachukua mkoba wa kazini. Dada wa kazi alikuwa amegundua dawa. Huchukua kanga aliyoivua mama asubuhi, humfunika nayo mtoto, naye hunyamaza na kulala.

Siku mbili kabla ya kuja kwangu, mama alirudi mapema akakuta mtoto amelala, kanga imemfunika uso mzima, kichwa kimelowa jasho. Mtoto alikuwa salama. Aliyekosa usingizi usiku ule ni mama.

Swali lake lilikuwa fupi: “Nimwondolee hii kanga kabisa, au nimwachie?”

Ndugu msomaji, wazazi wengi huniuliza swali hili kwa namna tofauti, wengine kwa kanga, wengine kwa mdoli au blanketi. Tulizungumze wiki hii.

Kwa nini mtoto hung’ang’ania kitu

Kuanzia miezi sita hadi minane hivi, mtoto huanza kuelewa kuwa mama yupo hata asipoonekana. Ni hatua nzuri ya ukuaji wa akili, lakini humletea majonzi. Sasa anajua mama ameondoka, ila bado hajui kuwa atarudi. Kilio cha namna hii huwa kikali zaidi kati ya miezi 10 na 18, kisha hupungua chenyewe. Mtoto huyo hajadekezwa wala hajaharibiwa kwa kubebwa.

Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza jinsi baadhi ya watoto wanavyochagua blanketi, kitambaa au mdoli na kukishikilia wakati mama hayupo au usingizi unapokaribia. Kwa mtoto, kitu hicho hubeba sehemu ya utulivu anaoupata kwa mama.

Harufu ina nafasi kubwa hapa. Mwaka 1975 mtafiti Aidan Macfarlane wa Uingereza alionyesha kuwa watoto wa siku chache tu hugeuza kichwa kuelekea pedi iliyokaa kwenye titi la mama yao kuliko ya mama mwingine. Ndiyo maana kanga uliyoivaa humtuliza mtoto kuliko ile iliyotoka kabatini.

Kama mwanao hana kitu chochote cha namna hii, usihangaike kumtafutia. Utafiti uliofanywa Italia na Renata Gaddini, uliochapishwa mwaka 1970, ulionyesha kuwa watoto wa vijijini, waliokuwa karibu na mama zao usiku na mchana, walishikamana na vitu mara chache kuliko wa mjini Roma. Mtoto anayeshinda mgongoni na kulala akinyonya ana mama mwenyewe.

Shida huja tunaporudi kazini. Sheria ya kazi Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Maana yake, kilio cha kutengana kinapoanza, mama wengi wa ofisini na viwandani wameshaondoka nyumbani. Mama lishe na mwenye genge huenda walirudi kazini mapema zaidi. Hapo kitu cha faraja kinaweza kusaidia.

Hatari iko kwenye usingizi

Hapa naomba usome taratibu. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilale na kitambaa, mdoli, mto wala blanketi zito. Kitambaa kikimfunika uso, huenda asiweze kukiondoa. Atavuta tena hewa ileile aliyoitoa, na joto la mwili litapanda. Anaweza kufa bila hata kulia.

Mlaze chali, kwenye godoro lisilobonyea, uso ukiwa wazi. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua sana. Chandarua kitumike kama kawaida, kikiwa kimechomekwa vizuri chini ya godoro.

Kilicho salama zaidi ni mtoto kulala chumba kimoja na wazazi, lakini mahali pake. Najua nyumba nyingi zina kitanda kimoja. Ikiwa ndivyo, msogezee mbali mito na mablanketi, usimlaze katikati ya watu wazima, na asilale na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Usisinzie naye kwenye kochi.

Namna ya kuchagua

Chagua kitambaa cha pamba chenye ukubwa wa leso ya mkononi, kilichopindwa kingo ili nyuzi zisitoke. Kanga kuukuu inafaa sana. Kanga nzima ni kubwa mno kwa kazi hii.

Kama ni mdoli, awe mdogo, macho na pua vimedariziwa kwa uzi. Macho ya vifungo au shanga hung’oka na kumpalia mtoto. Kipimo rahisi: kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya lile bomba la katikati linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, ni kidogo mno kwa mtoto huyu.

Epuka midoli inayoimba au kuwaka taa. Betri zile bapa za duara kama sarafu zikimezwa zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, hata kama anaonekana mzima.

Kitu chochote kisifungwe kwa kamba shingoni mwa mtoto. Nasema hivi nikijua kuwa bibi huenda amemvalisha mjukuu shanga au hirizi kwa mapenzi. Zungumza naye kwa heshima, mweleze kuwa kamba inaweza kumnyonga mtoto usingizini.

Chupa ya maziwa au juisi isiwe kitu cha faraja kitandani, kwani huozesha meno. Chuchu bandia isitumike kabla mtoto hajazoea vizuri kunyonya titi.

Namna ya kumzoesha

Anza ukiwa nyumbani, siku mbili tatu kabla ya kurudi kazini hazitoshi. Kaa na kitambaa kifuani ili kishike harufu yako. Mtoto akifikisha miezi sita hivi, kiweke kati yako na yeye unapomnyonyesha, kumbeba au kumwimbia. Akishakihusisha na utulivu wako, msaidizi ataweza kumpa ukiwa umeondoka, huku akimbeba na kuzungumza naye. Akikikataa, usimlazimishe.

Cheza naye kujificha uso na kutokea tena. Mchezo huo unamfundisha kuwa anayepotea hurudi. Unapoondoka, muage kwa maneno machache. Ukitoroka, kesho atakulinda zaidi.

Akishalala, kitambaa kiondolewe. Baada ya mwaka mmoja anaweza kulala nacho, kikiwa kidogo kilekile. Andaa viwili vinavyofanana, uvifue kwa zamu na kuvianika juani, maana kimoja kikipotea bila mwenzake nyumba nzima haitalala.

Si kila kilio ni cha kumtaka mama. Mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au aliyelegea anahitaji kituo cha afya.

Watoto wengi huacha vitu hivi wenyewe wanapokua. Usimcheke, usimtishie kukitupa.

Yule mama nilimwomba arudi na dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Alikuja na hofu kuwa nitamgombeza. Nilimwambia amefikiri vizuri, kilichobaki ni usalama. Walikata kanga ile vipande viwili vidogo, wakapinda kingo. Wiki kadhaa baadaye, siku ya kupima uzito, mama aliniambia bado mtoto analia akiona mkoba, ila hunyamaza kabla mama hajafika kituo cha daladala.

Leo kabla hujazima taa, tazama mwanao anapolala. Ondoa kilicho karibu na uso wake. Kesho asubuhi, mweleze anayebaki naye afanye vivyo hivyo.