MBONA CHUMA HUPINDA KIKICHOMELEWA?

Niwaeleze jambo nililojifunza likizo ya Agosti katika karakana ya mjomba wangu, iliyo nyuma ya nyumba yake.

Mteja mmoja alileta pikapu iliyotiwa injini ya gari jingine. Ekzosi ya zamani ilikataa kuingia, basi ikabidi tuunde nyingine: bamba la chuma la unene wa milimita 10 lenye matundu manne, na mabomba manne ya kuchomelewa juu yake. Bamba hilo mafundi huliita flanji, nalo hufungwa kwa bolti kwenye injini. Mjomba akanipa mashine. Nami kwa pupa nikalizunguka bomba la kwanza bila kupumzika, nikaingia la pili, hadi la nne. Kwa macho kazi ilipendeza ajabu!

Mjomba akaliweka bamba juu ya kioo. Lo! Lilicheza kama kiti kibovu. Ncha zake zilikuwa zimebinuka kuelekea mabomba, na blade ya msumeno wa chuma ikapita chini yake.

"Mpwa wangu, tukiifunga hii, moshi utapitia wapi?" akaniuliza. Nikanyamaza. "Na mwenye gari hubeba watoto alfajiri, madirisha yamefungwa."

Ndipo nikashtuka. Katika moshi wa gari mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu huivuta akidhani ana usingizi tu, kumbe anakufa.

Sasa, mbona likapinda? Mnakumbuka jaribio la tufe na pete katika fizikia? Chuma kikipata moto hutanuka. Chuma cha kawaida cha urefu wa milimita 300, joto lake likipanda kwa nyuzi 500, huongezeka karibu milimita 1.8. Lakini pale unapochomelea ni mahali padogo tu, pamezungukwa na chuma baridi kisichotaka kusogea. Basi sehemu ile yenye moto, ambayo imelainika, hujibana yenyewe. Ikipoa hunywea, na sasa ni fupi kuliko mwanzo, kwa hiyo huvuta bamba lote upande wake. Chuma kisichoshika kutu ni kikorofi zaidi, maana hutanuka zaidi na hakisambazi joto upesi.

Tulianza upya na bamba jingine. Kwanza mjomba alilifunga kwa bolti zote kwenye kichwa cha injini mbovu, kizito kweli kweli, kilishike. Kisha akanituma nipige tupa midomo ya mabomba mpaka yakae sawasawa. Hapo nilitoa jasho jamani! Nilidhani ananiadhibu, kumbe penye mwanya hutiwa chuma kingi, na chuma kingi kikipoa huvuta sana. Halafu tukashikiza kila bomba kwa vidoto vinne vinavyotazamana, kabla ya kuchomelea chochote.

Baada ya hapo, mwendo wa kinyonga. Sentimita 2 bomba la kwanza, kisha la tatu, kisha la pili, kisha la nne; ukirudi, unachomelea upande wa pili. Moto huelekezwa zaidi kwenye bamba kwa sababu ni nene, la sivyo bomba litatoboka. Kukipata moto sana, tunapumzika. Niliona ndoo ya maji nikataka kumwagia. "Wewe!" mjomba akafoka. Maji hupoza upande mmoja ghafla, na hapo kupinda huzidi.

(Msitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Moshi wake huleta homa.)

Bolti hazikufunguliwa hadi asubuhi, chuma kikiwa baridi kabisa. Tukaliweka bamba juu ya kioo. Blade ilipita kidogo tu kwenye kona moja, nami nikaisawazisha kwa tupa mpaka ikakataa. Saa nne mteja akaja kuchukua pikapu yake. Lile bamba la kwanza mjomba amelitundika karibu na mlango, na kila mgeni akiuliza, hunionyesha mimi kwa kidole.