FUNDI CHEREHANI WA MTAANI KWAKO

Huenda sare ya shule ya mwanao iliwahi kushonwa na mtu usiyejua alikozaliwa. Katika miaka ya 1990 mtafiti Marc Sommers aliwafuatilia vijana wa Kirundi waliokuwa mafundi cherehani jijini Dar es Salaam; kitabu chake kikachapishwa mwaka 2001. Wengi wao walikuwa watoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, waliolelewa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Huko wazazi walipewa mashamba wakajilisha wenyewe. Lakini sheria ilimtaka mkimbizi akae alikopangiwa, na kutoka kulihitaji kibali. Kijana aliyetorokea mjini alijiita Muha wa Kigoma. Na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, alisadikiwa.

Hebu yafikirie maisha hayo. Mtu ameibiwa, naye anaogopa kituo cha polisi kuliko anavyomwogopa mwizi!

Jiji nalo halikusalimika. Mpango wa mji huanza kwa kuhesabu watu: mabomba mangapi, madawati mangapi, vyoo vingapi. Anayejificha huteka maji bombani pale pale unapoteka wewe. Asipohesabiwa, foleni ya ndoo haipungui; huongezeka, na hakuna ajuaye sababu. Wapo wasemao kazi hazitoshi hata kwa wenyeji. Hofu hiyo si ya kubezwa, ila fundi huyu tayari yuko kazini, na uzi anaununua kwa mfanyabiashara wa hapa hapa.

Kuanzia mwaka 2007 serikali yetu iliwafungulia watu wa 1972 mlango wa uraia, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Hata hivyo vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014 tu, kwani kwanza ilikusudiwa wahamishwe na kutawanywa mikoa mingine, makazi yafungwe. Waliopanga hayo walihesabu kaya, wakasahau miembe na makaburi ya wazee. Mpango huo ukaachwa, nao wakabaki walipo.

Waliokimbia vita vya mwaka 1993, na machafuko ya 2015, hawamo katika uraia ule. Lakini mwana wa Katumba mwenye cheti chake aweza leo kupanda basi hadi Dar es Salaam, akapanga chumba, na mwenye nyumba akimwuliza kwao ni wapi, akajibu kweli.