Nyaya Zinapohama: Kusoma Picha za Kifua Baada ya Upasuaji wa Moyo

Ili kuufikia moyo, daktari mpasuaji hupasua mfupa wa kidari kwa msumeno, kuanzia chini ya koo hadi karibu na chembe ya moyo. Herbert Milton, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aliielezea njia hii mwaka 1897, lakini ilienea katika upasuaji wa moyo baada ya Ormand Julian na wenzake kuitetea mwaka 1957. Kazi ikiisha, pande mbili za mfupa hurudishwa pamoja na kufungwa kwa nyaya za chuma cha pua, mara nyingi 6 au 7. Nyaya hizo hubaki mwilini maisha yote, na kwenye eksirei huonekana nyeupe kabisa, zimejipanga wima katikati ya kifua.

Sisi wa radiolojia hutazama hapo kwanza. Chukua picha ya siku ya pili baada ya upasuaji, uiweke kando ya picha ya wiki ya pili ya mgonjwa yuleyule. Ya kwanza ina nyaya zilizonyooka kwenye mstari mmoja. Katika ya pili, waya wa tatu umegeuka na wa nne umesogea kushoto. Mgonjwa anasema tu kwamba akikohoa anasikia kitu kinagonga kifuani. Mfupa umeanza kuachana, na mara nyingine nyaya hulionyesha hilo kabla kidonda hakijatoa dalili yoyote kwa nje. Waya uliokatika peke yake haunitishi sana. Zinazonitia wasiwasi ni nyaya zilizohama, hasa zaidi ya mmoja.

Mstari mwembamba mweusi katikati ya mfupa nao huwatia watu hofu bure. Usipozidi milimita 3, na usipoendelea kupanuka, kwa kawaida hauna neno. Hata siti skani ya miezi 3 baada ya upasuaji inaweza kuonyesha mfupa ambao bado haujaunga, na mwenyewe anaendelea na shughuli zake vizuri. Mfupa huu huunga taratibu.

Tatizo tunaloliogopa zaidi ni maambukizi ya ndani, nyuma ya mfupa, katika nafasi uliomo moyo na mishipa mikubwa. Yanaua. Siti skani ndiyo kipimo cha kuyatafuta, lakini ina mtego wake. Katika wiki 2 za kwanza, karibu kila aliyefanyiwa upasuaji huu ana majimaji kidogo, uvimbe na hata viputo vya hewa nyuma ya mfupa, kwa sababu kifua kilikuwa wazi. Picha ya siku ya 6 yenye viputo vichache huenda isiwe na maana yoyote. Viputo hivyo vikionekana wiki ya 4, au vikiongezeka kuliko picha iliyotangulia, tena mgonjwa ana homa na kidonda kinatoa usaha, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo fomu ya kipimo inayoletwa kwetu bila tarehe ya upasuaji inatunyima nusu ya jibu. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa fomu za namna hiyo ni nyingi mno.

Damu inayokusanyika kuuzunguka moyo haitoi nafasi ya kusubiri. Eko ya moyo hufanywa kitandani kwa mgonjwa, nayo ndiyo ya kwanza. Ila baada ya upasuaji, bonge la damu linaweza kujibana mahali pamoja, nyuma ya chumba cha juu cha kulia cha moyo, ambapo eko ya kupitia kifuani hailifikii vizuri, zaidi pale bandeji na mirija vinapoziba njia. Hapo hutumika eko ya kupitia umio, au siti skani kama mgonjwa ametulia. Shinikizo la damu likiwa linaporomoka, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Hapelekwi kwenye mashine.

Maji kidogo upande wa kushoto wa kifua na sehemu ya chini ya pafu la kushoto iliyosinyaa ni mambo ya kawaida, na mengi huisha yenyewe.

Picha hizi zina kazi hata miaka mingi baadaye. Mtu aliyebadilishiwa vali akiwa kijana kwa sababu ya ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi anaweza kuhitaji kufunguliwa tena. Siti skani ya kabla ya upasuaji huo wa pili humwonyesha daktari kama moyo, au mshipa uliopandikizwa, umegandana na mfupa kwa nyuma, mahali hasa msumeno utakapopita.

Basi wewe uliyefanyiwa upasuaji huu, au unayemuuguza aliyefanyiwa: unaporuhusiwa kwenda nyumbani, omba nakala ya picha ya mwisho na barua yenye tarehe na aina ya upasuaji. Vitunze pamoja. Ukisikia mfupa unagonga, ukipata homa, au kidonda kikianza kutoa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ubebe picha hizo za zamani.