Je, Wajua? Kopo Tupu la Maziwa Laweza Kuchora Njia ya Jua

Mabati yakichakaa, misumari hulegea na kuacha matundu. Jua likiwa utosini, kila tundu hudondosha duara la mwanga sakafuni. Nyumba za mbao za Mpofi, kama nyingine zilizojipanga kandokando ya barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale, huku mashariki mwa Kongo, zinayajua maduara hayo, na watoto huyakimbiza kwa nyayo. Watu wengi hudhani kwamba umbo lile la duara limetokana na tundu. Sivyo. Toboa tundu la pembe tatu, au lililochanika ovyo, mradi tu liwe dogo, na duara litabaki duara, kwa sababu unachokiona pale chini ni picha ya jua lenyewe. Jua liko mbali nasi kiasi cha mara 108 ya upana wake, na uwiano huohuo hutawala ndani ya nyumba: bati likiwa mita mbili na nusu juu ya sakafu, duara litakuwa na upana wa sentimita mbili na kidogo. Pima kwa rula uone.

Kupatwa kwa jua huondoa shaka yote. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha mwezi kilikata Kongo na kuingia Uganda, na tarehe 1 Septemba 2016 jua la pete lilipita Kongo tena hadi Tanzania. Palipokuwa na jua siku hizo, maduara yaliyo ukutani na chini ya miti yaligeuka kuwa mundu, mamia kwa mamia, yote yakiwa na pembe upande mmoja. Nafasi kati ya majani ni matundu vilevile.

Kwa hiyo nyumba yenye bati bovu ni kamera. Inakosa giza la kutosha na karatasi ya kupokea picha, basi.

Nayasema haya kwa kuwa nimechoka kusikia kwamba pasipo lenzi hakuna foto, na kwamba kijana asiye na dola mia kadhaa asijisumbue. Lenzi hufanya picha iwe angavu na ya haraka, na mimi naipenda lenzi. Lakini picha huumbwa na mwanga kwenda moja kwa moja. Katika karne ya 11 Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, alieleza jaribio ambalo mtu anaweza kulirudia leo usiku kwa vibatari vitatu. Panga taa kadhaa nje ya chumba chenye giza, mbele ya tundu moja. Ndani, ukutani, utaona alama za mwanga zenye idadi sawa na taa. Ziba taa moja, na alama yake peke yake itatoweka. Miale ya taa zote imepita katika tundu lilelile bila kuchanganyikana, na taa ya kulia imetua kushoto. Ndiyo sababu picha ya tundu huwa kichwa chini miguu juu.

Sasa chukua kopo la maziwa ya unga la gramu 400. Kipenyo chake ni kama sentimita 10. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, au lishike juu ya kibatari mpaka lishike masizi. Toboa ubavuni kwa msumari, kisha ziba tundu hilo la msumari kwa kipande cha kopo la soda, ambacho ni alumini nyembamba, chenye tundu halisi katikati. Ndani, upande wa pili, zungusha karatasi ya foto. Funika. Utepe mweusi wa mafundi umeme hufanya kazi ya kifuniko cha tundu.

Kazi yote iko kwenye lile tundu, na hapa ndipo wengi hukosea. Wapenzi wa foto tukikutana, salamu hazijaisha tayari mtu ameshatoa kopo mfukoni, na swali la kwanza ni moja: «Yaya, umetumia sindano namba ngapi?» Mgeni hudhani kwamba tundu dogo zaidi huleta picha kali zaidi, kwa hiyo hugusa alumini kwa ncha ya sindano, akapata kitobo kisichoonekana, halafu anashangaa picha imekuwa ukungu. Tundu likiwa kubwa, kila nukta ya mlima huchora doa lenye ukubwa wa tundu, na madoa yanapandana. Hilo ni rahisi kuelewa. Ila mwanga ni wimbi, na wimbi likibanwa kwenye upenyo mwembamba hutawanyika likishatoka ng'ambo. Ukizidi kupunguza tundu, mtawanyiko unazidi, na doa linanenepa tena. Kati ya makosa haya mawili pana mahali pamoja pazuri. Mwingereza Lord Rayleigh alilishughulikia suala hili mwishoni mwa karne ya 19, na kanuni inayonasibishwa naye ni hii: zidisha umbali wa kutoka tundu hadi karatasi kwa urefu wa wimbi la mwanga, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.9. Kwa kopo letu la milimita 100 na mwanga wa kijani wa milimita 0.00055, jibu ni milimita 0.45.

Sindano ya kushonea namba 10 ina unene wa karibu milimita 0.46. Izamishe hadi itoke yote upande wa pili, ukiizungusha polepole, kisha sugua vinundu kwa msasa laini pande zote mbili, uipitishe tena. Ukitaka kuhakikisha, weka alumini juu ya rula, piga foto kwa simu, kuza, ulinganishe tundu na mistari ya milimita. Simu iliyopasuka kioo inatosha. Tundu likiwa na kingo za meno meno, tupa uanze upya. Alumini ya kopo moja la soda ina matundu ya mwaka mzima.

Tundu la milimita 0.45 kwa umbali wa milimita 100 hupitisha mwanga mchache mno, hivyo karatasi ya foto huhitaji nusu dakika hivi penye jua kali, na dakika kadhaa chini ya mawingu ya Masisi. Watu wanaopita hawaandikwi. Ng'ombe wakitembea malishoni hawaandikwi. Kilichotulia ndicho kinachobaki, na cha karibu na cha mbali huwa na ukali uleule, maana tundu halijui kulenga.

Hebu niseme jambo kuhusu hilo kopo. Makopo ya chakula ni chuma kilichopakwa tabaka jembamba sana la madini ya bati, na Walikale ndiko uliko mlima wa Bisie, ambako watu walianza kuchimba kasiterite, mawe yenye bati, kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambako mgodi wa viwanda ulianza kuzalisha mwaka 2019, ukisifika duniani kwa wingi wa bati ndani ya mwamba wake. Upande wa Masisi, Rubaya hutoa koltani. Tantali inayotokana nayo huingia katika vijidude vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kamera, na oksidi yake huchanganywa katika vioo vya lenzi nzuri ili vipinde mwanga zaidi vikiwa vyembamba. Milima hii imo ndani ya kamera za watu wengi. Hadi leo dunia inawajua watu wa hapa kupitia foto zilizopigwa na wageni siku za vita, na vijana wa hapahapa wakiomba kamera huambiwa kwamba ni anasa. Hilo linanikasirisha, wala sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Kujitengenezea kifaa si jambo la watoto. Carl Akeley, Mmarekani wa jumba la makumbusho la New York, hakuridhika na kamera za filamu za wakati wake kwa kuwa zilishindwa kumfuata mnyama anayekimbia, akabuni yake mwenyewe, ya mviringo, yenye kichwa kinachozunguka kwa wepesi. Mwaka 1921 aliileta katika milima ya Virunga akawapiga filamu sokwe wa milimani. Katika safari hiyohiyo sokwe waliuawa kwa ajili ya maonyesho, jambo ambalo halifai kufichwa, ingawa baadaye alipigania hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo leo ni Virunga. Alifariki Novemba 1926 akazikwa kwenye mlima Mikeno. Na mji wa Goma umeisimamishia sanamu chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Mtu wa huku anajua fundi ni nani.

Ninachokipenda kuliko yote ni kuliacha kopo wazi kwa miezi. Karatasi ya foto nyeusi na nyeupe, hata ile iliyopitwa na wakati, hujigeuza rangi yenyewe ikipigwa na jua kwa siku nyingi, bila dawa yoyote, kwa sababu mwanga huivunja chumvi ya fedha na kuacha chembe za fedha. Kila siku yenye jua huacha mstari. Siku ya mawingu huuvunja au kuufuta. Mwaka 2012 mwanafunzi wa sanaa, Regina Valkenborgh, aliweka kopo la bia kwenye kituo cha nyota cha Bayfordbury, Uingereza, likasahaulika. Lilipotolewa mwaka 2020 lilikuwa na mistari 2,953 ya jua, ya miaka minane.

Lakini picha ya Uingereza ina mistari iliyopinda kama upinde, mikubwa ya kiangazi juu na midogo ya baridi chini. Yetu haifanani nayo hata kidogo. Mpofi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na jua la hapa hupanda karibu wima. Elekeza kopo mashariki kuanzia 21 Juni hadi 21 Desemba. Mistari itasimama wima, wa kwanza kushoto, upande wa kaskazini, na kila siku mmoja mpya utajongea kulia, ukipita mashariki kamili mwishoni mwa Septemba, hadi kusini. Julai mistari huwa myeupe na imara. Mvua za Septemba zikiingia, inakatikakatika. Hiyo ni kumbukumbu ya majira, iliyoandikwa na jua, na katika maeneo yenye vituo vichache vya hali ya hewa sielewi kwa nini kila shule isiwe na kopo lake.

Pa kulitundika ndilo jambo la kufikiria. Februari 2017, jijini Atlanta, Marekani, kopo la mwanafunzi lililofungwa kwenye daraja lilidhaniwa kuwa bomu, na barabara kuu ikafungwa. Masisi na Walikale ni mahali ambapo mabomu ambayo hayajalipuka hupatikana kweli mashambani. Usifunge kopo kwenye mti wa njiani, wala karibu na kizuizi, kambi, au shimo la madini. Lifunge kwenye nguzo ya nyumba yako, chini ya bati, mwambie nyumbakumi na majirani ni nini, waache walishike. Watoto wakiliona waelezwe pia kwamba kopo lolote wasilolijua porini haliguswi.

Ukilitoa, fungua penye giza, piga foto ya karatasi mara moja kwa simu au uipitishe kwenye skana, geuza rangi na pande (kulia na kushoto) kwa programu, kisha ifiche, kwani bado inaendelea kuungua.

Kwa picha za haraka utahitaji dawa, na dawa inaota hapa. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake katika chuo cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa husafisha picha. Lita moja ya maji, gramu 40 za kahawa ya unga wa kuyeyuka, gramu 54 za magadi ya kufulia yaliyokauka, na gramu 16 za vitamini C ya duka la dawa. Kafeini haihusiki, kazi hufanywa na asidi nyingine za kahawa, na robusta, mmea asilia wa misitu ya Kongo ambao wanywaji huudharau, hufanya vizuri kuliko arabika. Ukikosa magadi, kaanga baikaboneti kwenye sufuria hadi ipoteze theluthi ya uzito na zaidi kidogo. Taa nyekundu ya LED haiidhuru karatasi. Kukaza picha kunataka hipo (thiosulfati ya sodiamu). Chumvi nyingi ya mezani husaidia, ila polepole na si kabisa.

Karatasi ndiyo ngumu kupata. Studio za zamani zilizofungwa katika miji yetu zinatupa maboksi yake pamoja na negativu za harusi, za ubatizo na za watu waliokwishafariki. Kabla hazijachomwa, mtu aombe.

Mengine tunayoambiana, kwa haraka: kamba yenye skrubu iliyofungwa chini ya kamera na kukanyagwa kwa mguu huondoa mtikisiko bila miguu mitatu, chandarua kilichochanika, si kizima, hulainisha jua usoni, mfuniko wa sufuria hurudisha mwanga, ukungu wa lenzi katika unyevu wa Walikale huzuiwa na vile vipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu, vikikaushwa upya jikoni, wala si na mchele. Na kopo lina kazi nyingi: kumfundisha mtoto mwanga, kutazama picha ya jua likipatwa, si jua lenyewe kupitia tundu, bila kuharibu macho, kufuatilia mteremko unaokatwa miti ya makaa, kupiga foto ya familia iliyotulia dakika moja, kuweka misumari likichakaa.