Ugumu wa Tovuti Hulipwa na Nani?

Kila msimu wa maombi ya vyuo na mikopo unapowadia, wazazi wengi huongezewa safari moja, nayo ni ya kumpeleka kijana steshenari. Kijana si kwamba hajui kusoma, kwani amemaliza kidato cha sita. Simu yenye intaneti anayo, na kifurushi kimekwishanunuliwa. Kilichomshinda ni tovuti yenyewe. Kila aifunguapo hukuta matangazo ya miaka iliyopita, picha za viongozi zinazopishana zenyewe, na viungo tele vyenye majina ya idara asizozijua. Fomu anayoitafuta haioni. Mwishowe hulipa ada ya kujaziwa, na pamoja na ada hiyo humwachia mtu baki namba yake ya mtihani, tarehe yake ya kuzaliwa, barua pepe na neno lake la siri.

Tunalileta jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu gharama yake inaiangukia familia. Aghalabu wasanifu hulizungumza kama suala la urembo, rangi gani ikae wapi. Kwetu sisi ni suala la nani abebe mzigo. Kazi ya kupanga, kupunguza na kufafanua haina budi kufanywa na mtu. Mjenzi wa tovuti asipoifanya mara moja, wataifanya watumiaji wote, kila mmoja peke yake, na atakayeelemewa zaidi ni yule mwenye simu ndogo na salio la kuhesabu.

Mfano bora tuujuao wa mjenzi aliyekubali kuubeba mzigo huo unatoka Uingereza. Huko nako huduma za serikali zilikuwa zimetawanyika katika mamia ya tovuti, hata ikambidi mwananchi ajue kwanza ni ofisi ipi inayoshughulikia haja yake, ndipo aanze kutafuta. Mwaka 2010 serikali ilimwomba Martha Lane Fox, mfanyabiashara aliyejulikana kwa biashara ya mtandaoni, aitathmini Directgov, tovuti iliyokuwa kuu kwa wananchi. Ushauri wake ulikuwa kwamba viraka havitatosha, yatakiwa mageuzi. Mwaka uliofuata ikaundwa idara maalumu ya huduma za kidijitali, na tarehe 17 Oktoba 2012 ikazinduliwa GOV.UK, ikachukua nafasi ya Directgov pamoja na Business Link iliyowahudumia wafanyabiashara. Tovuti za wizara zikahamia humo baadaye.

Aliyeizoea mitandao yenye mapambo angeweza kudhani kuwa tovuti hiyo haijakamilika, kwa maana ilikuwa na maandishi mengi, picha chache mno, na kisanduku cha kutafutia. Hata hivyo, mwaka 2013 jumba la makumbusho ya usanifu la London, Design Museum, liliipa tuzo ya usanifu bora wa mwaka. Ili kuelewa kwa nini, tuutazame ukurasa wake wa sikukuu za mapumziko. Anayeufungua huwa na swali moja tu: mapumziko yajayo ni lini? Basi tarehe hiyo imewekwa juu, kwa herufi kubwa, na orodha ya siku nyingine ikafuata chini kwa atakayeihitaji. Hakuna historia ya sikukuu, wala salamu za waziri.

Lugha nayo ilifikiriwa. Waandishi wa GOV.UK huelekezwa kuandika kwa kiwango ambacho mtoto wa miaka 9 aweza kukisoma. Huku kwetu wapo wanaoona kwamba lugha nyepesi huishushia ofisi hadhi, na kwamba tangazo lisiloeleweka kwa msomaji wa kawaida ndilo tangazo zito. Hatukubaliani nao hata kidogo. Daktari na mwanasheria nao husoma wakiwa na haraka, tena kwa simu, na hapana mtu aliyewahi kulalamika kwamba ameelewa upesi mno.

Kinyume cha hayo kilionekana Marekani tarehe 1 Oktoba 2013, ilipofunguliwa HealthCare.gov, tovuti ya wananchi kujipatia bima ya afya. Kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kuwa siku ya kwanza waliofanikiwa kukamilisha uandikishaji walikuwa watu 6. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo mitambo kuzidiwa na majaribio kufanyika kwa uhaba, lakini moja ilikuwa ya usanifu: mtu alitakiwa afungue akaunti kabla ya kuziona bei. Hivyo hata aliyetaka kutazama tu alijikuta amebanwa mlangoni pamoja na waliokuja kununua. Muuza kanga gani humwandikisha mteja jina na namba ya kitambulisho kabla ya kumwonyesha doti? Mafundi walioletwa kuokoa jahazi walitumia takriban miezi miwili kuifanya ifae.

Ndugu msomaji, huenda wewe si waziri wala fundi wa kompyuta. Lakini madrasa, vikundi vya akina mama, maduka na hata kamati za misikiti, yetu ikiwemo, siku hizi zote zinamtafuta kijana wa kuzijengea tovuti. Kabla ya kumlipa fundi huyo, ukague uzito wa kurasa zake. Picha moja iliyopigwa kwa simu na kupandishwa bila kupunguzwa huweza kufikia megabaiti tatu au nne, ilhali maandishi ya ukurasa mzima hayafiki hata sehemu ndogo ya hapo. Picha hizo anazilipia mzazi kwa kifurushi chake kila afunguapo ukurasa kutafuta ada ya muhula.

Kisha ifanyie jaribio. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wakitazamwa wanavyoitumia tovuti watadhihirisha sehemu kubwa ya kasoro zake. Gharama yake ni ndogo. Mpe shangazi simu, mwambie atafute ada ya madrasa au namba ya kupiga kunapotokea msiba, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu fundi atatamani kumnong'oneza abonyeze wapi. Asiruhusiwe. Pale kidole cha shangazi kinaposita ndipo penye kosa, na kosa ni la ukurasa, si la shangazi. Paandikwe, parekebishwe, kisha watafutwe wengine watano ambao hawajawahi kuiona.